Gavana Aliyezijua Nchi Asizozikanyaga

Roland-Michel Barrin, Marquis de La Galissonière, hukumbukwa kwa vipande. Wanaopenda habari za vita wanamjua kama admirali mgonjwa aliyewarudisha nyuma Waingereza mbele ya kisiwa cha Minorca mwaka 1756. Wanaopenda bustani wanalijua jina lake kwa sababu kuna aina ya magnolia iliyopewa jina hilo. Wanaofuatilia historia ya Kanada wanajua kwamba kwa miaka miwili tu, kuanzia 1747 hadi 1749, alishika ugavana wa Ufaransa Mpya, koloni kubwa kuliko zote ambazo Ufaransa iliwahi kudai Amerika ya Kaskazini. Kila kundi huchukua kipande chake na kuondoka nacho. Nadhani ukivitenganisha vipande hivi, jambo lenyewe linakuponyoka. Bwana huyu hakuwa gavana ambaye jioni, baada ya kazi za ofisini, alijiliwaza kwa maua. Maua yalikuwa ndani ya kazi yenyewe.

Tuanze na ukoo, maana kwa kabaila wa karne ya 18 ukoo ulikuwa nusu ya wasifu. Alizaliwa Rochefort tarehe 10 Novemba 1693, katika mji wa bandari ya kijeshi kwenye pwani ya Atlantiki. Baba yake alikuwa ofisa wa ngazi za juu katika jeshi la majini. Mama yake, Catherine, alikuwa binti wa Michel Bégon, aliyewahi kuwa msimamizi mkuu wa serikali ya mfalme katika visiwa vya Antilles, huko Karibi, na baadaye hapo Rochefort. Huyu Bégon ndiye aliyempigia debe mtawa mmoja mtaalamu wa mimea, Charles Plumier, apelekwe Antilles, na Plumier akalipa fadhila kwa kumpa jina lake mmea: ndiyo begonia inayopandwa leo kwenye vyungu vya vibaraza dunia nzima. Mtoto wa Catherine, basi, alikulia kwenye familia ambamo meli, koloni na mimea vilikaa meza moja. Alisoma Paris katika Collège de Beauvais, chini ya mwalimu mashuhuri Charles Rollin, kisha mwaka 1710 akaingia jeshi la majini kama kijana wa mafunzo. Miaka zaidi ya 35 iliyofuata ni ya kupanda ngazi polepole, meli baada ya meli, na sina haja ya kuwachosha nayo.

Ugavana aliupata kwa balaa la mtu mwingine. Mwezi Mei 1747, Marquis de La Jonquière, aliyekuwa ameteuliwa kuitawala Ufaransa Mpya, alikamatwa na Waingereza baharini, karibu na rasi ya Finisterre nchini Hispania. Akatakiwa mtu wa kushika nafasi hadi mwenyewe aachiliwe. La Galissonière aliwasili Quebec mwezi Septemba mwaka huohuo, umri wake ukikaribia miaka 54. Alikuwa mfupi wa kimo, mgongo umepinda kidogo. Alichokikuta ni koloni la ajabu: kwenye ramani lilianzia mdomo wa mto Saint-Laurent, likazunguka Maziwa Makuu na kuteremka na Mississippi mpaka New Orleans, lakini Wafaransa wa Kanada hawakufika hata elfu 60. Jirani zao, makoloni ya Waingereza kando ya bahari, walikuwa wamepita milioni moja.

Utatawalaje eneo la namna hiyo kwa watu wachache hivyo? Ufaransa ilikuwa imejibu kwa ngome ndogondogo zilizotawanyika porini, wafanyabiashara wa ngozi za wanyama, mapadri, na juu ya yote urafiki wa mataifa ya wenyeji, urafiki uliolindwa kwa zawadi na bidhaa za biashara. La Galissonière alipofika, nguzo hiyo ya mwisho ilikuwa inatikisika. Vita vilikuwa vimeifanya njia ya bahari kuwa ya hatari, bidhaa zilikuwa adimu na ghali, na mwaka huohuo wa 1747 chifu mmoja wa Wahuron, Orontony, aliongoza uasi dhidi ya Wafaransa katika eneo la Detroit. Gavana hakuwa na askari wa kutosha wala fedha za kutosha. Alichoweza kukiongeza kwa gharama ndogo kilikuwa kimoja: kuijua nchi.

Hapa ndipo anapoingia shahidi wetu mkuu. Pehr Kalm, mwanafunzi wa Linnaeus, bingwa wa mimea wa Sweden, alikuwa ametumwa kutoka Sweden kwenda Amerika kutafuta mimea yenye faida ambayo ingeweza kustahimili baridi ya kwao. Aliingia Kanada kutokea makoloni ya Waingereza katika kiangazi cha 1749, akapokelewa Quebec kama mgeni wa serikali. Gharama zake zililipwa na mfalme wa Ufaransa. Katika kitabu chake cha safari ameandika juu ya La Galissonière kwa mahaba ambayo hakumpa mtawala mwingine yeyote aliyekutana naye. Anasema gavana alipoanza kuzungumza naye habari za viumbe na mimea, alijihisi kama amemwona Linnaeus mwenyewe katika umbo jipya.

Sifa hiyo hunukuliwa sana. Sentensi chache baadaye Kalm anasema jambo zito zaidi, ambalo wapenzi wa bustani hawapendi kulinukuu. Anaeleza kwamba gavana alimfundisha njia mbalimbali za kuitumia elimu hiyo katika siasa na sanaa ya kutawala, ili kuifanya nchi iwe na nguvu na kuwadidimiza majirani wenye wivu. Kalm hakukasirika wala kushangazwa na nia hiyo. Alishukuru kwa darasa. Kwake yeye, na kwa mwenyeji wake, hapakuwa na ukuta kati ya kuhesabu petali za ua na kupanga namna ya kumbana Mwingereza.

Kalm anaeleza pia jinsi gavana alivyofanya kazi, na maelezo yake yanastahili kusomwa taratibu. Kila alipokutana na mtu aliyekaa au kusafiri sehemu za mbali, alimhoji: huko kuna miti gani, mimea gani, udongo gani, mawe gani, madini gani, wanyama gani? Wenyeji wanavitumiaje? Kilimo chao kikoje? Kuna maziwa gani, mito gani, mapito gani? Wale walioonekana kuwa na macho makali zaidi walitakiwa kueleza kwa kina, na gavana aliandika majibu kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo Kalm anakiri halikuwa la kawaida kwa watu wa daraja lake. Baada ya muda ikawa makamanda wa ngome na mapadri wakija Quebec kumwamkia, yeye ndiye anayewaambia habari za kwao: kwamba karibu na mlima fulani, au kwenye ufuko fulani wanakowinda, pana mmea fulani au jiwe fulani. Baadhi ya watu wakaanza kuamini kwamba ana elimu isiyo ya kibinadamu, kwa kuwa alizijua nchi za mbali mno ambazo hajawahi kuzikanyaga.

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Kwa La Galissonière kuuliza kulikuwa ndiko kutawala. Tazama orodha ya maswali yake tena. Mimea imepangwa mstari mmoja na madini, madini mstari mmoja na njia za maji, njia za maji mstari mmoja na hali ya kilimo cha wenyeji. Ukimpa orodha hiyo mtafiti wa mimea atasema ni yake. Ukimpa ofisa wa kijasusi atasema ni yake. Wote wawili watakuwa wamesema kweli, na hapo ndipo ninapoachana na wale wanaodai kwamba elimu yake ilikuwa kisingizio tu cha ukoloni. Kisingizio ni kitu cha uongo. Elimu yake ilikuwa ya kweli, nzuri, yenye bidii, na ilikuwa na manufaa kwa dola kwa sababu hiyohiyo ya kuwa ya kweli.

Hakufanya kazi hiyo peke yake. Daktari wa mfalme mjini Quebec, Jean-François Gaultier, aliandika kwa agizo lake waraka wa maelekezo kwa makamanda wa ngome: wakusanye nini na waandike nini. Kalm aliuona waraka huo mikononi mwa kamanda Lusignan katika ngome ya Saint-Frédéric, kando ya ziwa Champlain. Gaultier alikuwa mtu wa pekee, mwenye kupima hali ya hewa tangu 1742 na kuwaandikia wanazuoni wa Paris. Kalm alimkumbuka kwa kuuita mmea mmoja Gaultheria. Lakini ni waraka wenyewe unaonivutia. Ngome iliyojengwa kwa ajili ya bunduki imepewa kazi ya pili, ya kukusanya mbegu, na ofisa aliyezoea kuhesabu risasi sasa anahesabu pia aina za mimea ya porini na mawe yenye rangi. Mtandao wa kijeshi umegeuka mtandao wa elimu, pasipo kuacha kuwa wa kijeshi hata kwa siku moja.

Swali ambalo Kalm hakuliuliza ni hili: majibu yalitoka kwa nani hasa? Kamanda wa ngome, kijana wa kutoka Normandie au Bordeaux, alijuaje kwamba mzizi huu unatuliza homa na gome lile linafaa kuundia mtumbwi? Aliambiwa. Mfano ulio wazi ni wa jinsengi, mmea ambao Wachina waliulipia bei kubwa. Mjesuiti (padri wa Shirika la Yesu) Joseph-François Lafitau, aliyekuwa akiishi na Wamohawk karibu na Montreal, alisoma barua ya Mjesuiti mwenzake aliyekuwa China, akaanza kuutafuta mmea huo katika misitu ya Kanada, na mwaka 1716 akaupata. Aliyemthibitishia ni mwanamke wa Kimohawk aliyeutambua mara moja kuwa ni moja ya dawa zao za kawaida. Jina la Lafitau limo katika kila kitabu kinachosimulia kisa hicho. Mwanamke yule ameingia kwenye historia ya sayansi kama “mwanamke mmoja”.

Kilichofuata ni funzo la uchumi kuliko la mimea. Kalm alipopita mwaka 1749, wenyeji wa eneo la Montreal walikuwa porini wakichimba jinsengi kiasi kwamba wakulima wa Kifaransa hawakupata vibarua. Miaka michache baadaye bei ilipaa, kila mtu akachimba kabla ya msimu, mizizi ikakaushwa harakaharaka kwenye tanuri badala ya kuachwa ikauke polepole, na wanunuzi wa China wakaikataa. Soko likafa. Wenyeji walikuwa wanajua mmea huo unachimbwa lini na unatunzwaje. Elimu hiyo haikusafiri pamoja na mzizi. Sharubati tamu ya mti wa mepo, ambayo Gaultier na Kalm wote wawili waliandika juu yake, ilikuwa na asili hiyohiyo. Na ikiwa unafikiri Ufaransa Mpya ilikuwa mahali pa mazungumzo ya kirafiki msituni tu, kumbuka kwamba tangu 1709 sheria ya koloni hilo iliruhusu waziwazi kumiliki watumwa, wengi wao wenyeji wa Amerika waliotekwa mbali magharibi, na wengine Waafrika.

Mwezi Juni 1749, wiki chache kabla ya Kalm kufika, gavana alikuwa ametuma msafara mwingine. Pierre-Joseph Céloron de Blainville aliondoka Lachine na watu zaidi ya 200 katika mitumbwi 23, kuelekea bonde la mto Ohio, ambako wafanyabiashara wa Kiingereza kutoka Pennsylvania walikuwa wamejipenyeza. Ndani ya mizigo yake mlikuwa na mabamba ya madini ya risasi yaliyochongwa maandishi kwa niaba ya La Galissonière, yakitangaza kwamba nchi hiyo ni mali ya Louis XV. Kila walipofika kwenye makutano muhimu ya mito walifukia bamba moja, wakapigilia nembo ya mfalme kwenye mti, wakasoma tangazo. Pamoja nao alikuwa Padri Bonnecamps, Mjesuiti mwalimu wa uongozaji wa meli mjini Quebec, akipima latitudo na kuchora ramani. Msafara ulikuwa na mpimaji kwa sababu gavana alikuwa mtu wa vipimo.

Mtu ambaye alijua mawe ya nchi asizozikanyaga alifikiri inatosha kuifukia hati ardhini. Wenyeji wa Ohio, wakiwamo Wamiami wa chifu Memeskia aliyehamia upande wa biashara ya Waingereza, walimsikiliza Céloron kwa adabu na wakaendelea na shughuli zao. Yeye mwenyewe aliripoti kwamba mataifa ya huko yana nia mbaya na Wafaransa na yamejitolea kabisa kwa Waingereza. Walitaka bidhaa za bei nafuu, jambo ambalo hakuna bamba lingeweza kuwapa. Mwaka 1798, baada ya nchi hiyo kuwa Marekani, watoto waliokuwa wakiogelea kwenye mdomo wa mto Muskingum waliona moja ya mabamba hayo kwenye kingo za mto. Wakayeyusha sehemu yake kupata risasi za bunduki.

Kwa maoni yangu msafara huo unaonyesha ukomo wa elimu yake vizuri kuliko jambo lingine lolote. Maswali yake yote yaliyahusu mambo ya nchi ambayo mtu anaweza kuyaorodhesha. Alijua nini kinaota Ohio. Hakujua, au hakutaka kuamini, kwamba wanaoishi huko wana siasa yao wenyewe na hesabu zao wenyewe za faida na hasara, tena hesabu nzuri. Mkazi wa nchi, katika daftari la gavana, anatokea kama mtumiaji wa mimea na mtoa habari. Kama mwenye nchi hatokei.

La Jonquière aliachiliwa, akafika Agosti 1749, na mwezi uliofuata La Galissonière akapanda meli kurudi Ufaransa. Mwishoni mwa 1750 aliandika waraka mrefu kwa serikali juu ya makoloni ya Amerika ya Kaskazini, na huo ni maandishi bora kabisa ya maisha yake, ya kushangaza kwa ukweli wake. Watawala wengi wa makoloni walipiga chuku juu ya utajiri wa nchi walizosimamia. Yeye alikiri kwamba Kanada imekuwa hasara na itaendelea kuwa hasara kwa muda mrefu. Lazima ishikiliwe hata hivyo, alisema, kwa sababu ndiyo kizuizi pekee dhidi ya tamaa ya Waingereza: wakiipata Kanada watazifuata Louisiana na visiwa vya sukari, na mwenye Amerika atakuwa na nguvu za kuitawala bahari na kuibana Ufaransa hukohuko Ulaya. Ulikuwa uchambuzi wa mtu aliyeiona vita inayokuja. Miaka minne baadaye vita hiyo ilianza, na ilianzia Ohio.

Katika waraka huohuo kuna kipande juu ya nyati wa Amerika kwenye mbuga za Illinois. La Galissonière alisema ni wengi wasiohesabika, na kwamba hawataisha kwa karne nyingi. Alitoa sababu mbili. Ya kwanza, nchi haina watu wa kutosha kuwamaliza. Ya pili, ngozi zao hazifai kwa matumizi ya ngozi za ng'ombe wa Ulaya, hivyo haitatokea mtu awaue kwa ajili ya ngozi tu, kama Wahispania walivyofanya kwa ng'ombe wa Río de la Plata, Amerika ya Kusini. Hoja nzuri, imejengwa kwa mantiki safi juu ya habari sahihi za wakati wake. Katika miaka ya 1870 wenye viwanda waligundua namna ya kuitengeneza ngozi hiyo, ikafaa kwa mikanda ya mashine. Reli ikawafikisha wawindaji mbugani. Na kufikia mwisho wa miaka ya 1880 mamilioni yale yalikuwa yamebaki mamia. Waliuawa kwa ajili ya ngozi tu.

Simcheki. Nani angeweza kuiona reli mwaka 1750? Lakini sababu yake ya kwanza hainiachi. “Nchi haina watu wa kutosha” ni sentensi inayoandikwa na mtu ambaye ameshazoea kutowahesabu watu waliopo. Mataifa ya mbugani yalikuwa yanaishi kwa nyati hao na yalikuwa na sababu nzito za kutowamaliza. Watu wa mataifa hayo ndio waliokuwa jibu la swali la gavana, nao hawakuwa kwenye hesabu.

Baada ya Kanada alipewa ofisi iliyomfaa kuliko zote: ghala la ramani na michoro la jeshi la majini mjini Paris. Aliketi pia katika tume ya Waingereza na Wafaransa iliyobishania mipaka ya Acadia, eneo la pwani mashariki mwa Kanada, ubishi uliojaza makaratasi na kutotatua kitu. Akachaguliwa kujiunga na Chuo cha Sayansi cha Paris. Pamoja na rafiki yake Duhamel du Monceau, bingwa wa miti, alitayarisha kijitabu cha maelekezo, kilichotoka mwaka 1752, juu ya namna ya kusafirisha miti, mimea na mbegu baharini bila kufa. Kwa wakati ule hilo lilikuwa tatizo kubwa: maji ya chumvi, joto la ghalani na uzembe wa mabaharia viliua karibu kila kitu kabla ya kufika. Duhamel alipochapisha mwaka 1755 kitabu chake kikubwa cha miti na vichaka vinavyoweza kuoteshwa Ufaransa, kilijaa mimea ya Kanada, na sehemu ya shukrani ilimwendea gavana wa zamani.

Msomaji wa Unguja au Pemba ana sababu ya kukitupia jicho kijitabu kama hicho. Wizara ileile ya majini iliyomtuma La Galissonière Quebec ndiyo iliyomtuma Pierre Poivre kuwa msimamizi mkuu wa kisiwa ambacho leo ni Mauritius, na Poivre ndiye aliyefanikisha, mwaka 1770, kuibwa kwa miche ya mikarafuu na mikungumanga kutoka visiwa vya Maluku, ambako Waholanzi waliilinda kwa jicho la chui. Kutoka visiwa vya Wafaransa mikarafuu ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, ikapandwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa. La Galissonière alikufa kabla ya hayo yote na hana hatia nayo. Ila alikuwa miongoni mwa watu waliozifundisha ofisi za Ufaransa kwamba mche ndani ya sanduku la udongo ni mzigo wa kiserikali.

Mwisho wake ulikuwa baharini, kama ilivyompasa. Mwezi Aprili 1756, akiwa na afya mbovu, aliongoza kundi la meli kutoka Toulon kulishusha jeshi la Duke wa Richelieu katika kisiwa cha Minorca kilichokuwa cha Waingereza. Tarehe 20 Mei, akiwa na meli 12 za kivita, alikabiliana na Admirali John Byng. Yalikuwa mapigano ya nusunusu. La Galissonière hakumfukuza adui, alibaki kuilinda kazi aliyotumwa, na Byng akarudi Gibraltar. Ngome ya Waingereza ikajisalimisha mwishoni mwa Juni. Byng alishtakiwa kwao na kupigwa risasi juu ya sitaha ya meli Machi 1757. La Galissonière hakuyaona hayo: alifariki tarehe 26 Oktoba 1756 mjini Montereau, akiwa njiani kwenda Fontainebleau alikokuwa mfalme.

Mwandishi Mfaransa Voltaire, katika hadithi yake Candide ya mwaka 1759, alizidhihaki pande zote mbili za maisha hayo ndani ya kitabu kimoja. Kuna pale anaposema kwamba Waingereza huua admirali mmoja mara kwa mara ili kuwatia moyo wengine. Na kuna pale anapozicheka Uingereza na Ufaransa kwa kupigania ekari chache za theluji huko Kanada. Mzaha wa kwanza ni wa haki. Wa pili ni wa mtu aliyekaa mbali na ambaye hakujishughulisha kuuliza. La Galissonière alikuwa na makosa mengi, lakini hakuwahi kudhani Kanada ni theluji.

Mwaka huohuo wa 1759 Quebec ilianguka, na kwa mkataba wa Paris wa 1763 Ufaransa ikaiachia Uingereza koloni lote la Kanada. Gavana mpya wa Kiingereza, James Murray, hakusubiri hata mkataba. Aliwatawanya wahandisi wake kupima na kuchora bonde la Saint-Laurent kijiji kwa kijiji, na mwezi Juni 1762 akapeleka London ripoti yake juu ya hali ya nchi: ngome, mapato, kanisa, mataifa ya wenyeji, aina ya udongo na mazao yake, idadi ya watu, biashara. Bendera ilikuwa imebadilika. Orodha ya maswali La Galissonière angeweza kuitia saini.